Kumbukumbu kwa Karatasi: Namna ya Kutengeneza Kadi ya Kanga, Pantoni Linalosimama na Kitabu cha Njia ya Daladala

Karibu kila nyumba ya Dar es Salaam ina bahasha ya kaki, kopo la biskuti au sanduku la bati lililosukumwa chini ya kitanda, na ndani yake mna vitu ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa wala anayejua avifanyie nini: tiketi ya basi la safari ya kwanza kwenda shule ya bweni, kadi ya mwaliko wa harusi ya dada, picha mbili tatu zilizoanza kugandana, kipande cha pindo la kanga ambayo yenyewe imekwisha kuchakaa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitoa vitu hivyo gizani na kuvigeuza kuwa kazi za karatasi zinazoweza kushikwa, kufunguliwa na kupewa mtu mwingine. Kazi ninazozieleza ni tatu: kadi yenye sura ya kanga, kadi ambayo ukiifungua pantoni la Kigamboni, yaani kivuko cha kubebea watu na magari, linasimama, na kitabu cha kukunjwa kinachofuata njia ya daladala kituo kwa kituo. Mbili za kwanza humalizika kwa mchana mmoja wa Jumapili, na ya tatu huhitaji kulala usiku mzima chini ya uzito.

Anza na kumbukumbu kabla ya karatasi

Wengi huanza kwa kwenda Kariakoo kununua karatasi za kumetameta, riboni na stika, kisha wakirudi nyumbani ndipo wanapojiuliza watatengeneza nini. Ninashauri kinyume chake. Chagua kumbukumbu moja, kaa nayo, na uipunguze mpaka ibaki kitu kimoja kinachoonekana kwa macho.

Nilipotaka kumtengenezea mama yangu kadi ya kumkumbuka bibi, nilianza kwa kuchora nyumba yote ya Temeke, pamoja na mwembe, uzio wa mabati na kibaraza, na nilichokipata kilikuwa mchoro ambao ungeweza kuwa wa nyumba yoyote ya mji huu. Niliuweka kando, nikajiuliza ni kitu gani hasa ambacho nikikiona popote hunirudisha kwa bibi, na jibu likawa mbuzi yake ya kukunia nazi: kibao kilichong'aa mahali alipozoea kukalia, na ulimi wa chuma ambao jino lake moja, upande wa kushoto, lilikuwa limevunjika. Niliikata mbuzi hiyo kwa karatasi ya kaki nikaacha pengo la lile jino. Mama alipoipokea hakusoma kwanza maneno niliyoyaandika. Alipitisha kidole juu ya meno yale ya karatasi mpaka akafika kwenye pengo, akakiacha kidole pale.

Kwa hiyo, kabla hujashika mkasi, andika sentensi tano au sita kuhusu kitu ulichokichagua. Kilikuwa na rangi gani hasa? Kilishikwa vipi? Kilikuwa kimeharibika wapi? Kulikuwa na maneno gani juu yake, au maneno gani yaliyosemwa karibu nacho? Kisha upigie mstari yale ambayo karatasi inaweza kuyabeba, yaani ukingo, rangi, mkunjo, tundu na maandishi. Harufu ya vitumbua haiwezi kukatwa kwa mkasi, lakini karatasi iliyochujika mafuta ambayo vitumbua vilifungiwa inaweza kuigwa, na mtu aliyewahi kuishika ataitambua mara moja.

Usitumie kitu cha asili

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nililijifunza kwa hasara. Niliwahi kubandika picha halisi ya mama akiwa msichana, iliyopigwa studio, juu ya kadi ya manila kwa gundi ya viatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Baada ya miezi michache duara za rangi ya njano zilitokeza upande wa mbele, moja ikiwa juu ya shavu lake, na hazikutoka tena. Picha ile haikuwa na nyingine.

Toa kopi ya picha, barua au tiketi, ufanyie kazi kopi, na cha asili ukirudishe mahali pake. Ukiwa kwenye duka la kutoa kopi, uliza kama mashine yao inatumia wino wa unga au wino wa maji, kwa sababu kopi ya wino wa maji huchujika pindi inapoguswa na gundi mbichi au hata jasho la kidole, ilhali ile ya wino wa unga hustahimili unyevu. Ikiwa picha ya zamani imegandana na kioo cha fremu, jambo la kawaida katika mji wa pwani kwa sababu uso wa picha hulainika kwa unyevu kisha ukakauka ukiwa umeshikana na kioo, usiivute. Ipige picha ikiwa kwenye kioo chake, kwa pembeni ili mwanga usirudi, na uchapishe hiyo.

Risiti na tiketi nyingi za siku hizi zina hatari yao ya pekee. Huchapishwa kwa joto juu ya karatasi maalumu isiyotumia wino, na kwa hiyo maandishi yake hufifia yakikaa kwenye mwanga au sehemu yenye joto, mara nyingine yakatoweka kabisa. Watu hukimbilia kuzilaminesheni ili zidumu, na mashine hiyo, ambayo kazi yake ni kupasha joto, huigeuza tiketi nzima kuwa nyeusi mbele ya macho yao. Tiketi ya namna hiyo ipigie kopi siku ileile unapoipata. Kwa jumla, chochote unachokipenda kisilaminesheniwe, maana plastiki ikishashikana na karatasi haitoki tena, na usikifunge kwa selotepu, ambayo baada ya miaka michache huwa ya kahawia, huachia, na huacha doa pale ilipokuwa.

Karatasi, gundi na unyevu wa pwani

Karatasi ya msingi ni manila, ileile ambayo walimu huitumia kutengenezea zana za kufundishia, na hupatikana katika duka lolote la vifaa vya shule. Ukiweza kuchagua uzito, chukua ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ni gramu 80, nayo ni laini mno kwa kadi inayosimama. Karatasi ya kaki waweza kuipata bila kununua, kwa kufungua bahasha kuukuu na kuzinyoosha. Kadi ngumu ya maboksi ya chai, sabuni au viatu inafaa kwa majalada. Kwa vifaa, unahitaji mkasi mdogo, kisu cha karatasi au wembe mpya, rula ya chuma, penseli, na kalamu ya wino iliyokwisha, ambayo ndiyo bora kuliko vyote kwa kuchorea mistari ya mikunjo kwa sababu ncha yake huibonyeza karatasi bila kuikata.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo nyingi hulala upande mmoja, kama ukambaa ulivyosukwa kuelekea upande mmoja. Mkunjo unaokwenda sambamba na nyuzi hukaa sawa na ukingo wake huwa laini. Mkunjo unaozikata nyuzi hupasuka na kuonyesha vinyuzi vyeupe. Ili kujua nyuzi zinaelekea wapi, chana kipande cha karatasi hiyo kwa mikono: mchano unaofuata nyuzi huenda moja kwa moja, na ule unaozikata hupinda ovyo. Weka alama ndogo ya penseli kwenye kila karatasi kubwa unayoinunua, na katika kazi zote tatu hapa chini hakikisha mkunjo mkuu unafuata alama hiyo.

Gundi nyeupe ya maji inayotumiwa na mafundi mbao inatosha kwa viungo vidogo. Kwa kubandika eneo pana, kama kitambaa juu ya jalada, gundi ya unga wa ngano ni bora zaidi kwa kuwa haikauki upesi na inakupa nafasi ya kurekebisha. Chemsha vikombe viwili na nusu vya maji pamoja na punje sita au saba za karafuu, uyaache yapoe, uzitoe karafuu, kisha ukoroge nusu kikombe cha unga wa ngano humo mpaka mabonge yaishe. Rudisha kwenye moto mdogo, ukoroge bila kuacha mpaka upate uji mzito unaong'aa kidogo, uchuje kwa chujio la chai na uache upoe. Unga wa muhogo unafaa vilevile, kama wanavyojua waliowahi kutia nguo za shule uwanga wa nyumbani. Karafuu huzuia ukungu kwa kiasi, lakini gundi hii ni chakula, na siku ya tatu huanza kuchacha. Kwa hiyo pika kidogo, na uipake nyembamba, kwa maana gundi nene ndiyo inayowaalika mende.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, karatasi hunywa unyevu wa hewa na kulegea, na kazi iliyobandikwa jioni huamka imepinda. Usiianike juani wala usiielekezee feni. Ikandamize katikati ya magazeti makavu, uweke juu yake matofali mawili yaliyofungwa kwa karatasi, na uyabadilishe magazeti baada ya saa chache.

Kadi ya kanga

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ambao ndio uwanja wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kwa kuwa kanga huwa na ukubwa unaokaribia sentimita 150 kwa 110, kadi ya sentimita 15 kwa 11 ni kanga iliyopunguzwa mara kumi, na uwiano huo ndio unaofanya jicho liitambue kabla halijasoma lolote. Kata manila ya sentimita 15 kwa 22, uikunje katikati ili mkunjo uwe juu, na uchore kwa penseli mstari wa pindo wenye upana wa sentimita 2 pande zote nne.

Muhuri wa kuchapia pindo unatengenezwa kwa kiazi mviringo. Kikate katikati kwa mkato mmoja ulionyooka, ukikaushe kwa kitambaa, ukilaze juu ya karatasi kwa dakika kumi ili kitoe maji yake, kisha uchore juu yake umbo la korosho, ambalo ni pambo la kanga tangu zamani, na uondoe nyama inayolizunguka kwa kina cha milimita 3 au 4. Kwa maua madogo ya katikati huhitaji kuchonga kitu: bamia lililokomaa likikatwa kwa upana linachapa ua lenye pembe tano lenyewe, mradi ulifute utelezi kwanza. Rangi ya maji iwe nzito kama mtindi, ipakwe kwenye muhuri kwa kipande cha sponji la godoro, na kila baada ya chapa mbili ujaribu kwenye karatasi ya pembeni.

Chapa pembe nne kwanza. Kisha chapa katikati ya kila upande, halafu jaza nafasi zilizobaki, ukiongeza au kupunguza mwachano kidogo kidogo. Anayeanza pembe moja na kuzunguka hufika mwisho akiwa na nusu korosho, na hakuna dawa ya hapo isipokuwa kuanza upya. Rangi mbili au tatu zinatosha. Kisutu, kanga ya harusi, kimekaa miaka yote hiyo na nyekundu, nyeusi na nyeupe tu, na hakuna anayekiona kuwa kina upungufu.

Jina ndilo roho ya kadi. Usiandike salamu za kawaida za kadi za dukani. Andika jina la kanga ambayo mhusika aliivaa kweli, au maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyasema mara kwa mara, kwa herufi kubwa zote. Hesabu herufi pamoja na nafasi, tafuta ile ya katikati, uiandike kwanza chini ya mji, kisha uende kulia na kushoto kutoka hapo. Ikiwa unamwandikia mzee aliyesoma chuoni, yaani madrasa, kumbuka kwamba majina ya kanga yaliwahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini kuenea, na kumwandikia hivyo, kwa msaada wa anayejua, ni heshima ambayo hataisahau. Kama kanga yenyewe imebaki kipande, kata ukanda mdogo wa pindo lake uubandike ndani ya kadi, ukipaka gundi kwenye karatasi na si kwenye kitambaa, ili isipenye na kutokeza juu.

Pantoni linalosimama

Hii ndiyo kazi inayowashangaza watoto, na siri yake ni hesabu ndogo tu. Nimechagua pantoni kwa sababu wengi wetu tumevuka nalo tukiwa tumeshikwa mkono na mtu. Kabla ya Daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka 2016, aliyekuwa na gari na hakutaka kungoja foleni ya Kivukoni alilazimika kuzunguka kwa Kongowe, na katika kungoja huko ndiko kulikopatikana karanga, maji ya kunywa na hadithi. Unaweza kuweka kitu chako badala yake, iwe jahazi, kibanda cha chipsi au kitanda cha kamba, kwa vipimo hivihivi.

Chukua manila ya A4, ambayo ni sentimita 21 kwa 29.7, uikunje katikati upate kurasa mbili zenye sentimita 21 kwa takribani 14.8, mkunjo ukiwa kwenye upande mrefu. Ikiwa bado imekunjwa, pima kando ya mkunjo kuanzia kushoto, uweke alama kwenye sentimita 2, 4, 8.5, 12.5, 17 na 19. Kutoka alama 2 na 4, na vilevile 17 na 19, kata kwenda ndani ya karatasi kwa urefu wa sentimita 2.5, ukipitisha mkato tabaka zote mbili. Kutoka 8.5 na 12.5, kata sentimita 5. Sasa una vipande vitatu vilivyoshikwa na karatasi kwenye ncha zao. Chora kwa ile kalamu iliyokwisha wino mstari unaounganisha ncha za kila jozi ya mikato, ukunje kipande mbele na nyuma juu ya mstari huo, kisha ufungue kadi nusu, kama pembe ya ukuta na sakafu, na uvisukume vipande vyote vitatu kwa ndani. Vitasimama kama ngazi za barazani. Funga kadi ikiwa hivyo na uikandamize kwa kiganja.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Picha itabandikwa kwenye uso wa mbele wa ngazi, na kadi ikifungwa picha hiyo hulala kuelekea ukingo wa nje. Ili isichungulie nje, jumla ya urefu wa mkato na kimo cha picha isizidi sentimita 14. Kwa ngazi ya katikati yenye mkato wa sentimita 5, pantoni lako lisizidi kimo cha sentimita 9. Kwa ngazi za pembeni zenye mkato wa sentimita 2.5, picha zisizidi 11.5. Sheria hii ukiishika unaweza kubuni kadi yoyote inayosimama bila kuhitaji mwongozo mwingine.

Chora pantoni kwenye manila nyingine, upana wa sentimita 13, ukiliwekea lile bamba la kupandia magari lililoinuka kidogo upande mmoja, na uwachore abiria kwa vivuli tu, bila nyuso: mtu na baiskeli yenye matenga, mama mwenye ndoo ya samaki kichwani, mtoto aliyepanda chuma cha ukingoni ingawa amekatazwa. Kama mtoto huyo ulikuwa wewe, mpe shati la rangi yako na wengine wote wabaki wa kijivu. Kwa ngazi za pembeni kata minazi ya Kigamboni upande mmoja na mapaa ya Kivukoni upande wa pili, kila picha isizidi upana wa sentimita 6. Paka gundi nyeupe kwenye uso wa mbele wa ngazi peke yake, ubandike picha ukilinganisha ukingo wake wa chini na mkunjo wa chini wa ngazi, na uhakikishe hakuna gundi iliyogusa sakafu ya kadi, kwa maana tone moja hapo huifanya kadi igome kufunguka.

Bahari inatengenezwa kwa kurasa za rangi za jarida. Chana ukurasa wa buluu kwa kuuvuta ukanda kukuelekea wewe, na ukanda huo utabaki na ukingo mweupe usio sawa, ambao ukiubandika kwenye sakafu ya kadi unakuwa povu la mawimbi. Mwisho, funika matundu yaliyobaki mgongoni kwa karatasi ya pili ya A4. Ibandike nusu moja kwanza, ufunge kadi, ndipo ubandike nusu ya pili kadi ikiwa imefungwa, na gundi ipite kingoni tu, mbali na ngazi.

Kitabu cha njia

Kila mtu wa Dar es Salaam ana njia moja anayoijua kwa mwili wake, ambayo hata akisinzia dirishani anajua amefika wapi kwa jinsi gari linavyokata kona. Kitabu cha kukunjwa kinafaa kuliko daftari kwa kumbukumbu ya namna hiyo, kwa kuwa kinafunguka kuwa barabara moja ndefu.

Kata karatasi ya A3 kwa urefu wake upate kanda mbili za sentimita 42 kwa 14.8. Kwenye ukanda wa kwanza, pima sentimita 1 mwishoni ikunjwe kuwa ulimi wa kuunganishia. Kwenye wa pili, ikate sentimita 1 hiyo na uitupe. Sasa zimebaki sentimita 41 kwenye kila ukanda. Kunja kila ukanda katikati, ufungue, ulete kila ncha kwenye mkunjo wa katikati, ufungue tena, na uugeuze ule wa katikati utazame upande mwingine, ili mikunjo ipishane kama upepeo. Bandika mwanzo wa ukanda wa pili juu ya ulimi wa ule wa kwanza, na mkunjo wa kiungo hicho utazame kinyume na ule unaoutangulia. Utakuwa na kurasa nane zenye upana wa sentimita 10.25.

Kabla ya kuweka kitu kingine chochote, nyoosha karatasi yote sakafuni na uchore ukanda wa rangi wenye upana wa sentimita 1 kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa nane bila kukatiza, kwa rangi ya mstari uliokuwa ubavuni mwa daladala za njia yako. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa kitabu. Ukurasa wa kwanza uwe wa jina na mwaka, na saba zilizobaki ziwe vituo. Wangu unatoka Mbagala: Rangi Tatu, Zakhem, Mtongani, Kwa Azizi Ali, Sabasaba, Bendera Tatu, Kariakoo. Barabara ya Kilwa imebadilika sana tangu ijengwe njia ya mabasi ya mwendokasi, na baadhi ya mahali nilipokuwa nikishukia sasa napaona kwenye kitabu hicho tu.

Usijaze kila ukurasa. Ukurasa mmoja uwe na kopi ya picha, mwingine uwe na mfuko mdogo uliokatwa kwenye kona ya bahasha ya kaki na ndani yake kopi ya tiketi, mwingine uwe na dirisha lililokatwa kwa kisu ili ukurasa wa nyuma uchungulie, na mwingine uwe na maneno ya konda peke yake, kama yalivyosikika. Unene ukizidi, kitabu hakitafungika sawa, kwa hiyo vitu vizito viwe kwenye kurasa zisizotazamana.

Kwa majalada, kata vipande viwili vya kadi ngumu vya sentimita 11 kwa 15.4, na vitenge au kaki vya kuvifunika vya sentimita 15 kwa 19.4. Paka gundi ya unga kwenye kadi, uilaze katikati ya kitenge, ukate pembe za kitenge kwa mshazari ukiacha milimita 4 kutoka pembe ya kadi, na ukunje pande ndefu kwanza kisha fupi. Bandika mgongo wa ukurasa wa kwanza kwenye jalada moja na mgongo wa ukurasa wa nane kwenye la pili. Weka karatasi kavu kati ya kurasa za mwanzo na mwisho ili unyevu usihamie ndani, ukilaze chini ya matofali, na usikifungue kabla ya asubuhi hata kama mkono unakuwasha.

Kazi ikikauka, iandikie mgongoni kwa penseli tarehe, mahali, na jina la aliyekusimulia sehemu usizozikumbuka mwenyewe. Wino wa kalamu hupenya na kutokeza upande wa pili unyevu ukizidi. Ihifadhi kwenye boksi la kadi lenye karatasi safi, mbali na ukuta wa nje unaotoa maji wakati wa mvua, pasiwe na mfuko wa plastiki unaofungia jasho ndani. Masika yakiisha, toa kazi zote uzipunge upepo kivulini kwa mchana mmoja, ufungue kila kadi mara moja na kuifunga, ili mikunjo isisahau kazi yake.